Kutoka Barazani hadi Feri



Kila Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, sisi humsindikiza shangazi yetu kutoka Kibokoni hadi Feri. Yeye anakaa Likoni, ng'ambo ya maji, na tangu alipofiwa na mumewe amejiwekea ada ya kuja kula wali nasi siku hiyo katika nyumba aliyozaliwa. Kwa gari ni mwendo wa dakika chache, lakini shangazi hataki gari. Husema kwamba miguu ikizoea kubebwa husahau kazi yake. Basi twatembea pamoja na watoto, tukaipita Ngome, tukapinda kusini kwa upande wa Ikulu, tukatokea Ras Serani, na kutoka hapo tukaufuata ufuo wa Mama Ngina hadi kivukoni. Ijumaa iliyopita tulikuwa na neno la kumwuliza njiani, na neno hilo ndilo lililotufanya tuitazame njia ile kama wageni.

Nyumba yetu ina mabaraza mawili, moja kila upande wa mlango, ya mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, na kimo chake hakizidi goti la mtu mzima. Mfanyabiashara mmoja amekuja kuomba akodishiwe la kulia. Atalizungushia mbao na kioo, auze vifuniko vya simu na nyaya za kuchajia. Kodi anayoahidi ingetosha kuitengeneza roshani iliyoanza kuliwa na mchwa, na bado ingebaki ya kulipia ada ya shule ya mtoto mmoja. Nyumba ni ya urithi. Sisi ndugu tuna mafungu yetu, na shangazi ana lake. Bila ya kauli yake hapana linalofanyika. Kwamba Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na uso wa nyumba haubadilishwi bila ya idhini, hilo twalijua. Lakini kibali ni jambo la afisi, na swali letu lilikuwa la nyumbani.

Tulizungumza usiku kucha juu ya baraza hilo, na tukagundua kwamba hatukuwahi kulifikiria kabla ya kuambiwa bei yake. Ukiliangalia ni jiwe tu. Hebu lakini msomaji akae nasi siku moja ahesabu. Baada ya sala ya alfajiri hukaa wazee wawili wanaotoka msikitini, na mwenye mahamri hulitua hapo sinia lake akapumua. Asubuhi mtoto wa jirani hukaa na juzuu yake akisubiri wenzake waende chuoni, na kwa kuwa ana haya ya kukosea mbele ya mwalimu, hurudia sura yake pale kwa sauti mpaka mzee mmoja amsahihishe bila ya kuinua kichwa. Adhuhuri hulala paka na, mara nyingine, hamali. Alasiri hutolewa ubao wa kerem. Wadogo wasiopata nafasi ya kucheza hugeuza baraza kuwa jahazi, au mlima, au duka la mchanga, na chini yake huchimba vijishimo vya gololi. Magharibi ikishapita huja muuza kahawa na dele lake, akigonganisha vikombe, na hapo siasa za dunia yote hutatuliwa kabla ya isha.

Hakuna aliyeyapanga haya. Fundi aliyejenga hakuandika mlangoni kwamba hapa ni pa kusomea, pa kuchezea au pa mkutano. Alichofanya ni kuchukua dhiraa mbili za ardhi ya mwenye nyumba akazitoa nje ya mlango, ziwe za mwenyewe kwa hati na za wapitao kwa matumizi. Twadhani hapo ndipo ilipo siri yote ya jambo hili, na wenye kubuni viwanja vya jumuiya siku hizi, kwa fedha nyingi na michoro ya kupendeza, mara kwa mara huikosa.

Dini yetu nayo ilikwisha kulisemea jambo hili. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Said al-Khudri, na ambayo imo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha masahaba na kukaa njiani. Wao wakamjibu kwamba hawana budi, kwani hapo ndipo wanapozungumza. Hakuwafukuza. Aliwaambia kwamba wakikataa ila kukaa, basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Wazee wetu waliojenga mabaraza waliijua hadithi hii. Kikao cha jiwe mbele ya mlango ni mahali ambapo mtu aweza kuonekana, kusalimiwa na kukanywa, na kijana aliyekaa kwa mzee Fulani hujulikana yuko kwa mzee Fulani.

Hatutaki hata hivyo kulisifu baraza kupita kiasi. Ni kikao cha wanaume. Mama zetu walikuwa na ua na roshani, na huko Lamu walikuwa na wikio, lile daraja la chumba linalovuka kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, mwanamke akaenda kwa jamaa yake bila ya kushuka njiani. Lakini wikio huwafaa wenye jamaa ng'ambo ya kichochoro. Shangazi yetu anasema kwamba utotoni alikaa barazani hadi alipofikia miaka tisa, kisha siku moja akaambiwa aingie ndani, na tangu siku hiyo aliyasikia mazungumzo yake kupitia tundu za dirisha. Alilisema hilo tulipokuwa tukipita chini ya kuta za Ngome, na hakulisema kwa uchungu, bali alilisema.

Ngome yenyewe ni funzo. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ajili ya mizinga. Waingereza wakaifanya jela, na jela ikabaki hadi mwaka 1958. Leo watoto wa shule hupangwa safu kuingia kutazama vyombo vya udongo na mifupa ya meli, na jioni vijana huketi nje kwenye vivuli vya kuta zake. Hatua chache kutoka hapo, kwenye barabara ya Sir Mbarak Hinawy, pana Swahilipot, iliyoanzishwa mwaka 2016, ambapo vijana hujifunza kompyuta, uigizaji na ushairi, bahari ikiwa mbele yao. Mtoto wetu mkubwa huenda huko. Alipoulizwa anapapendea nini hakutaja kompyuta. Alisema hapana mtu anayemwuliza amekuja kufanya nini.

Tulipofika Ras Serani tukamweleza shangazi habari ya mwenye simu, na kodi, na roshani. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Nimesikia, wanangu,” akanunua muhogo wa kuchoma, akaupaka ndimu na pilipili, akawagawia watoto, na tukaendelea kutembea.

Ufuo wa Mama Ngina, kwa wasiouona siku nyingi, umebadilika sana. Ulitengenezwa upya na kufunguliwa Oktoba 2019, siku ya Mashujaa ilipoadhimishwa kitaifa papo hapo. Pana njia pana za kutembelea, milango ya tao iliyojengwa kwa kuigiza ya kwetu, vikao vya ngazi vya kutazamia maonyesho, na mibuyu ile ile ambayo ilikuwapo kabla ya sisi sote. Tunakiri kwamba tulikuwa na hofu wakati mabati ya ujenzi yalipozunguka mahali pale, kwani wauza madafu na kachri waliondolewa, na mji ukajaa uvumi. Waunguja waliwahi kuwa na hofu kama hiyo juu ya Forodhani, kabla haijafunguliwa tena mwaka 2009. Nako wachoma mishikaki walirudi na taa zao. Hapa kwetu vilevile pana muhogo na pana madafu, na watu wamejaa.

Na hapa mwanamke anakaa. Hili twalipenda kuliko matao. Jioni ya Ijumaa utawakuta kina mama na mabuibui yao wametandika mikeka chini ya mbuyu, chupa ya chai katikati, wanacheka kwa sauti, watoto wamewatambaa. Shangazi alitueleza kwamba baada ya kuondolewa barazani akiwa na miaka tisa, kikao chake cha pili cha nje alikipata hapa, siku za Idd, baba yake alipowaleta kuangalia meli baada ya bembea za Makadara. Kati ya vikao hivyo viwili palikuwa na miaka mitano. Tukakumbushana na watoto habari ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki yao siku ya Idd ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), naye akamsitiri Bi Aisha (r.a.) ili apate kutazama mpaka atosheke mwenyewe. Kitinda mimba wetu aliuliza walicheza mchezo gani hasa. Tulimwambia ni mchezo wa vita. Akaridhika.

Jambo moja lilituchekesha. Walikuwapo wenye vigari vya betri vya kukodisha na jumba la kurukia lililojazwa upepo, na tuliwalipia watoto kama ilivyo ada. Dakika kumi hazikuisha, wakawa wameviacha, wako juu ya ukingo wa ukuta mfupi, wanaruka kutoka jiwe hadi jiwe na kuamua kwa sheria zao wenyewe nani amezama na nani yu hai. Ukingo ule ni wa bure.

Tumesoma kwamba mji wa Amsterdam, baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ulikuwa na watoto wengi na nafasi chache. Mbunifu majengo kijana, Aldo van Eyck, akapewa mwaka 1947 kiwanja kidogo katika mtaa wa Bertelmanplein akitengeneze. Hakuleta tembo wa plastiki. Aliweka shimo la mchanga lenye ukingo mpana wa zege, na vyuma vya kujipindulia, na vikao kando yake. Ukingo ule ulikuwa mpana kiasi cha mtoto kuufanya meza, mama kuufanya kiti, na mtu mzima mpita njia kuufanya pa kufungia kamba ya kiatu. Hapakuwa na ua wa kukitenga kiwanja na mji. Majirani wa mitaa mingine wakaandika kuomba na wao wapewe, na hadi mwaka 1978 alikuwa amebuni viwanja zaidi ya 700, vingi katika mapengo ya nyumba zilizobomoka. Tuliposoma habari za ukingo ule tulitazamana. Mholanzi yule alikuwa amejenga baraza.

Uwanja wa gofu ukabaki nyuma yetu, na njia ikaanza kuteremka. Feri haihitaji kutangazwa; masikio huifikia kabla ya macho. Honi, wapiga debe wa matatu, wauza soksi na mabuyu, kipaza sauti kinachowaambia watu wasonge, na chini ya hayo yote ngurumo ya chombo kinachofunga. Mkondo wa Kilindini hapa haufiki hata kilomita moja, lakini kwa mamia ya maelfu ya watu ndiyo njia kati ya kazi na nyumba kila siku. Mwenye miguu halipi kitu. Daraja la kuelea la Liwatoni, lililoanza kupitisha watu mwanzoni mwa mwaka 2021, lilikuja kuwasaidia. Hata hivyo Feri ni Feri.

Mahali pa kungojea pamejengwa kwa kusukuma. Ni banda refu, pana vyuma vya kuelekeza watu, pana lango, na lango likifunguliwa umati wote huteremka kwa pamoja. Hatulaumu. Shangazi akifika pale hunyamaza, na tunajua ni kwa nini: tarehe 29 Aprili 1994, ambayo nayo ilikuwa Ijumaa, feri ya Mtongwe ilipinduka katika mkondo huu huu na watu 272 wakafa. Anayesimamia umati kando ya maji ana haki ya kuwa mkali. Mtoto hachezi kwenye mteremko wa feri, na sisi huwashika mikono.

Lakini kungoja ni lazima, na watu wanangoja. Wakati mwingine dakika kumi, wakati mwingine nusu saa, na vikao ni vichache mno kuliko magoti yanayouma. Tukiwa tumesimama pale tulianza, kama watu wenye kiburi, kuijenga upya kwa maneno. Kuta zipo, kwa nini zisitolewe kiuno, baraza refu la zege lenye kimo cha goti, lifuate banda zima mbali na lango? Kwa nini vishimo vya bao visichongwe juu yake kila baada ya hatua ishirini? Wenye kete watatoka mifukoni, na wasio na kete watatumia mbegu za mabuyu, ambazo hapo Feri hazikosekani.

Na elimu ipo tayari, imesimama bure. Mtoto wetu wa kati alisoma neno lake la kwanza hapa. Hakulisoma kitabuni. Alikuwa mabegani mwetu, chombo kikaja, akatamka herufi za ubavuni moja moja kisha akapiga kelele, “Kwale!” Watu wasiomjua wakampigia makofi. Wiki iliyofuata alisoma “Likoni” akasikitika kwamba vyombo havina majina mengi zaidi. Mkubwa naye amejifunza hapa maji kupwa na kujaa. Aligundua kwamba mteremko wa feri kuna siku huwa mrefu na mkali, bibi wenye vikapu wanapanda wakihema, na kuna siku huwa mfupi kama kizingiti. Shangazi akamfundisha kuhesabu kwa mwezi: mwezi ukiandama, na tena ukifika kumi na nne, siku moja au mbili baadaye ni bamvua, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu; katikati yake ni maji mafu. Tangu hapo anaitazama kalenda ya Kiislamu iliyo ukutani kwetu, anatangaza asubuhi hali ya mteremko utakavyokuwa, na jioni anakwenda kuhakikisha. Mstari mmoja wa rangi kwenye nguzo ya gati, na tarehe za mwezi zikiandikwa kando yake, ungewafundisha maelfu. Gharama yake ni kopo la rangi na mtu wa kuruhusu.

Mzee mmoja aliyekuwa amesimama karibu nasi alitusikiliza kwa muda, kisha akasema, “Mkiweka pa kukaa, watu hawatapanda.” Hatukuwa na jibu zuri. Labda ana haki. Lakini hatujapata kumwona mtu aliyelikosa chombo kwa sababu ya kukaa. Tumewaona wengi waliolikosa kwa sababu ya kusukumwa.

Feri ikafunga. Magari yalianza kutoka, na sisi tukajua kwamba zimebaki dakika chache. Tukamwuliza shangazi kauli yake.

Alitaka kwanza kujua kodi ni kiasi gani kwa mwezi. Tukamwambia. Alikubali kwamba ni fedha nzuri. Akauliza roshani itachukua miaka mingapi kabla ya kuanguka. Tukasema fundi amesema si mingi. Akatikisa kichwa, akapanga mkoba wake vizuri begani.

“Mimi nikifika kwenu,” akasema, “huwa sipigi hodi papo hapo. Nakaa kwanza barazani, magoti yapumzike, nitazame mlango wa baba. Mwanamke mzee akikaa hapo siku hizi hapana amwondoaye. Ndipo napiga hodi. Sasa lile la kushoto lina jua la asubuhi, silikai.”

“Kwa hiyo hutaki, shangazi?”

“Sijasema sitaki. Roshani ni roshani. Nimewauliza nitakaa wapi.”

Lango likafunguliwa. Akatupa mkono mmoja mmoja, akawabusu watoto vichwani, akaingia katika umati na buibui lake likapotea kati ya mabuibui mengine. Mkubwa alitangaza kwamba kwa hesabu ya mwezi Ijumaa ijayo kutakuwa na maji mafu na shangazi hatahema. Wa kati alisoma jina la chombo. Tulingoja mpaka kikafika katikati ya mkondo, kisha tukapanda kurudi mjini, safari hii kwa matatu, kwa sababu kitinda mimba alikuwa amelala.

Tulipofika nyumbani magharibi ilikuwa karibu. Mwenye simu alikuwa ametangulia kuja kuchukua jawabu, na kwa kuwa hakutukuta alikuwa amekaa akitungoja, juu ya baraza la kulia, kikombe cha kahawa mkononi, amewapisha watoto wawili wa jirani waliokuwa wakicheza gololi miguuni pake.